Maabara Isiyovunjika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata mikono ya bluu. Si yangu hasa, ni ya kikaragosi changu cha kwenye kompyuta, lakini nikisogeza kipanya inasogea, nikibofya inafumba vidole. Baada ya muda mfupi nilisahau kwamba mikono yangu mwenyewe iko juu ya meza, ya baridi, katika chumba cha kompyuta chenye ndoo za kukinga maji yanayovuja darini.

Shule yetu haina maabara. Ina chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni, na ndani yake mmejaa viti vibovu. Kwa hiyo Mwalimu wa Kemia amehangaika tangu likizo mpaka tukaruhusiwa kuingia katika maabara ya mtandaoni. Ina meza ndefu nyeupe, makabati ya vioo na chupa zenye lebo, na sisi kumi na wawili tunazunguka humo tukiwa na makoti meupe ambayo hakuna aliyeyapiga pasi. Chombo ukikiachia hakianguki. Kinabaki hapohapo hewani, kinakungoja. Ukiharibu, kuna kitufe cha ANZA UPYA, na kila kitu kinarudi kabatini kikiwa safi.

"Humu hamna wa kuwafokea," Mwalimu alisema. "Koseeni mpaka mchoke."

Kisha akaacha utani. Mwishoni mwa muhula shule kubwa ya jirani itatuazima maabara yake ya kweli, na huko ndiko tutakakofanyia mtihani wa vitendo. Asiyefanya vitendo haendelei na sayansi. Mimi nataka nije kuwa mtu anayepima dawa kabla hazijamfikia mgonjwa. Sijamwambia mtu ila Mama, na sasa karatasi hii.

Tumepangwa wawili wawili. Mimi nimepewa Taratibu. Ana jina lake la nyumbani, lakini hata walimu wamelisahau.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Tumejifunza asidi kwa mdomo.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ya mtihani ni kupima nguvu ya asidi. Asidi unaiweka katika chupa ya kioo yenye kitako kipana, unaitia matone mawili ya kiashiria, ile dawa inayobadili rangi, kisha unaifungulia besi kutoka kwenye bureti, yaani lile bomba refu la kioo lenye koki chini. Unafungua tone kwa tone mpaka itokee rangi ya waridi isiyopotea. Inatakiwa waridi hafifu, kama shavu la mtu aliyesifiwa. Ikikolea umepitiliza, rudia.

Mtandaoni tone moja ni bofyo moja. Leo nimepima mara tatu, na mara zote tatu nimepata jibu lilelile. Mwalimu ameniita Bingwa mbele ya darasa, nikajifanya sikusikia ili arudie.

Taratibu hajamaliza hata mara moja.

"Bofya basi!" nilimwambia.

"Nasoma lebo."

"Lebo imeandikwa asidi. Tangu wiki jana imeandikwa asidi."

"Ndiyo nahakikisha haijabadilika."

Mungu anipe subira.

Jumanne, 18 Machi

Ndoo ya nne imeongezwa chumba cha kompyuta. Taratibu bado anasoma lebo.

Alhamisi, 20 Machi

Leo tumeingia ndani ya chupa. Kuna kitufe kinachomfanya kikaragosi apungue mpaka awe mdogo kuliko tone, na tukazama wote katika asidi bila kuungua, tukipiga kelele kama watoto wa chekechea. Chembe za asidi zimepakwa rangi nyekundu na za besi rangi ya bluu. Mwanzoni nyekundu ni nyingi mno, hivi kwamba bluu ikiingia tu inadakwa. Zikikutana zinatulia na kuwa maji. Nilikaa nikitazama kwa sababu ni nzuri.

Taratibu alikuwa anatazama kitu kingine. "Umeona?" akaniambia. "Mwishoni nyekundu zimebaki chache. Bluu inazurura sana kabla haijapata mwenzake. Ndiyo maana ile rangi ya waridi inakawia kupotea tukikaribia. Inatuonya."

Nilikuwa nimeingia na kutoka bila kuona hilo. Sikumwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kutwa. Ijumaa tunakwenda kwenye maabara ya kweli kwa mazoezi. Nimefua sare mara mbili kwa sababu haikauki.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui nianzie wapi. Naona bora nianzie mlangoni.

Maabara ya jirani iko nyuma ya jengo lao la ghorofa. Ina harufu ya gesi, ya sabuni na ya mbao zilizolowa. Mtunza maabara ni mama mmoja mfupi mwenye koti lenye mabaka ya kila rangi na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Wanafunzi wa pale wanamwita Bi Usiguse, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Usiguse," kumwambia mwenzetu ambaye alikuwa bado hajagusa.

"Wamefanya mazoezi mengi, Mama," Mwalimu wetu alimwambia. "Mtandaoni. Huyu Bingwa wangu anapata jibu moja mara tatu."

"Haya. Bingwa aje."

Nilikwenda mbele. Nilichukua bika, kile chombo cha kioo cha kumiminia, nikaitia besi, nikapanda kigoda, nikamimina juu ya bureti vizuri kabisa. Nilikuwa nimefurahi. Mkono wangu wa kulia ukahitajika kufunga koki. Basi nikaiachia bika.

Niliiachia hewani. Sikuiangusha na haikuniponyoka. Niliiweka pale karibu na bega langu, mahali ninapoiweka siku zote, nikageukia koki.

Kishindo chake ninacho masikioni mpaka sasa. Na nitaandika na hili, kwa kuwa nimejiwekea kuandika kweli: baada ya kuvunjika nilisimama nikiitazama sakafu, nikingoja irudi.

Hakuna aliyecheka. Bi Usiguse alivaa miwani yake, akanitazama usoni, akauliza kwa upole ulionitisha kuliko kufokewa, "Binti, ulikuwa unamkabidhi nani?"

Mwalimu alifungua mdomo kuniokoa. Wakati huohuo, kwenye meza ya nyuma, mwenzetu mmoja aliyeshtuka na kugeuka kututazama naye akaiacha pipeti yake, kile kijibomba cha kioo cha kunyonyea vimiminika, hewani. Kishindo cha pili.

"Basi," Bi Usiguse akasema. "Mwalimu, hawa watoto wako ni wazuri, wana adabu, wanajua maneno yote. Lakini wamejifunza kwenye mchezo. Leo ni besi iliyozimuliwa, kesho ni asidi kali mguuni mwa mtoto wa mtu, na atakayeulizwa ni mimi. Siwaruhusu."

Tulifagia vioo. Tulirudi kwa miguu kwenye mvua. Mwalimu alikuwa mbele peke yake na mwavuli wake uliofungwa mkononi, amesahau kuufungua.

Taratibu alitembea nami. Nilitegemea angesema kitu, maana ningekuwa mimi ningesema. Alisema tu, "Kamba ya kiatu chako imefunguka."

Jumamosi, 29 Machi

Mama ni fundi cherehani na ana maneno makali kuliko mkasi wake. Nilipomsimulia alisimamisha mashine.

"Kwa hiyo na sindano ukiiachia hewani itakungoja?"

"Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Nauliza nijue kama nikupe kazi."

Kisha akanivuta nikae kwenye mabaki ya vitambaa, akanifuta uso kwa kipande cha bitana. Mdogo wangu, ambaye hana huruma, ameshinda akininyooshea vikombe vya plastiki na kuviachia: "Unamkabidhi nani? Unamkabidhi nani, dada?"

Jumatano, 2 Aprili

Mwalimu Mkuu amekuja darasani mwenyewe. Majina ya watahiniwa yanapelekwa mwishoni mwa mwezi. Kama hatuna maabara, tutaandikishwa kwa karatasi ya kemia isiyo na vitendo. "Ni karatasi nzuri pia," alisema. Alikuwa na huruma, na ndiyo maana nikajua kwamba mambo ni mabaya.

Akaondoka. Mwalimu wa Kemia akabaki akizungusha chaki vidoleni.

"Nitamwalika yule mama aje huku," akasema. "Aingie humu ndani aone mlikotoka."

"Bi Usiguse? Kwenye kompyuta?" mmoja akauliza. "Si atakiambia kipanya usiguse!"

Tulicheka, na kwa kweli tulikuwa na haja ya kucheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Hakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Hakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja!

Alikuja saa nane na koti la mvua lililomfika miguuni, akatazama zile ndoo, akatazama dari, akasema, "Kumbe na nyinyi mna bureti zenu." Hata Mwalimu alicheka.

Aliketi kwenye kompyuta yangu. Mwalimu alimtengenezea kikaragosi, akataka kumpa nywele ndefu. "Niwekee mvi zangu," akaagiza. "Nimezihangaikia." Mara ya kwanza alitembea ukutani. Mara ya pili alisimama kichwani mwa kikaragosi cha Taratibu. Nilimwelekeza nikiwa nimesimama kando yake. Nilikuwa namwogopa bado, lakini ni vigumu kumwogopa mtu anayekuuliza, "Mwanangu, miguu yangu iko wapi?"

Alifungua makabati yote. Alisoma lebo zote, moja moja, na Taratibu akanitazama kwa jicho la "umeona?" Kisha Bi Usiguse akasimama mbele ya chupa moja.

"Hii ni asidi kali kweli? Haijazimuliwa?"

"Ndiyo, Mama," Mwalimu akajibu.

"Na maji yapo?"

"Bomba liko kushoto kwako."

"Mnajua," akasema, "tangu niajiriwe nawaambia watoto: asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye asidi. Nimelisema mpaka nikaliota. Mimi mwenyewe sijawahi kuona kinachotokea. Ningeonaje? Mimi ndiye mwenye kukataza."

Akajaza maji kwenye bika kwa ile mikono ya bluu, akayamimina kwenye asidi.

Ilichemka papo hapo, ikafoka, ikaruka mpaka kwenye dari nyeupe ya ile maabara na kukimwagikia kikaragosi chake chenye mvi kichwani. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi: UMEUNGUA. NAWA MACHO KWA MAJI MENGI.

Bi Usiguse aliketi kimya. Tulidhani amekasirika. Kumbe anacheka, mabega tu ndiyo yanatikisika, mpaka akavua miwani na kufuta machozi.

"Tena," akasema.

Alifanya tena. Alijaribu maji kidogo, maji mengi, akasimama mbali, akasimama karibu. Mwalimu wa kipindi kilichofuata alichungulia, akamwona mama mzima anajiunguza kwa furaha, akaurudisha mlango polepole. Kisha tukamwonyesha kitufe cha kuingia ndani ya chupa. Humo hakucheka. Alizitazama zile chembe nyekundu na bluu zikitafutana, akanishika mkono bila kugeuka. Mkono wake ni mkavu, una makovu madogomadogo kama mbegu.

"Kumbe humu ndimo mlimoyapata maneno yote yale," akasema. Akamgeukia Mwalimu. "Niliuita mchezo. Nafuta kauli. Humu mtoto anaona kitu ambacho mimi siwezi kumwonyesha bila kumpeleka hospitali. Lakini kuna kimoja hawakukipata humu."

"Kipi, Mama?" Taratibu akauliza.

"Uzito."

Kisha akatoa masharti yake. Tutakwenda kwake Jumamosi mbili. Ijumaa ya tarehe 25 atatupima. Akiridhika, maabara ni yetu kwa mtihani. Asiporidhika, tuandikishwe ile karatasi nyingine na tusimchukie.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda nikiwa nimekariri hatua zote za kupima. Tumeosha vyombo.

Ndiyo kazi ya asubuhi nzima. Kuosha, kusuuza, kubeba kutoka meza hii hadi ile vikiwa na maji hadi juu, kuviweka bila mlio. "Nikisikia mlio, rudia," Bi Usiguse alisema, akageukia dirisha na kutupa mgongo. Anasikia kama popo. Nilirudishwa mara nyingi kuliko wote. Taratibu hakurudishwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nyumbani mimi ndiye ninayeosha vyombo siku hizi. Mama anasema mvua hii iendelee.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo tumepima kweli, na nimegundua kwamba koki haibofywi. Ukiigusa kidogo haitoki kitu, ukiigusa kidogo zaidi inamwaga kama mtu aliyekuwa anangojea kuulizwa. Nilipitiliza mara ya kwanza. Nilipitiliza mara ya pili. Mara ya tatu chupa yangu ilikuwa na rangi ya kucha za mchumba wa kaka yangu, na Bi Usiguse akapita akasema, "Hiyo unaweza kuuza."

Taratibu aliomba ajaribu. Aliikamata koki kwa mkono wa kushoto kama anavyoshika kila kitu, kama kitu cha mtu. Tone. Akangoja. Tone. Akangoja. Nilianza kuhisi ule mwasho wangu wa zamani, nikataka kusema bofya basi. Nikafunga mdomo. Tone likaning'inia kwenye ncha, dogo, nikaliona likijazwa na kukatika. Nimekaa naye meza moja muhula mzima, na leo ndiyo mara ya kwanza kuiona kazi yake.

Lakini mwishoni naye alipitiliza, kwa tone moja tu, kwa sababu alikuwa anatazama koki na hakuiona rangi.

"Macho mawili hayatoshi," akasema.

"Tuna manne," nikamwambia.

Jumanne, 22 Aprili

Maji yameingia chumba cha kompyuta kutoka chini ya mlango. Tulibeba kompyuta zote hadi ofisini tukiwa tumekunja sketi na suruali. Hakuna aliyeweka kitu kwa mlio. Mwalimu aliliona hilo, akatabasamu peke yake.

Tutapoteza vipindi vya wiki nzima. Taratibu na mimi tumekaa barazani tukafanya kwa kukumbuka. Yeye anasema "tone," mimi nasema ninavyodhani zile nyekundu zimebaki ngapi.

Alhamisi, 24 Aprili

Kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ilianza tukiwa njiani, na tulipofika umeme wa pale ulikuwa umekatika. Bi Usiguse alifungua madirisha, akaweka karatasi nyeupe chini ya kila chupa ili rangi ionekane. Mwalimu wetu alitakiwa akae nje kwenye benchi. Tuliona kichwa chake dirishani, kikishuka kila tukikitazama.

"Kila wawili wapime mpaka wapate majibu mawili yanayokubaliana," Bi Usiguse alisema. "Saa moja. Nami sisemi neno."

Na kweli hakusema. Hilo lilikuwa gumu kuliko usiguse zote.

Tulijaza bureti. Mimi nilimimina, nikaishusha bika mezani, nikahisi meza ikiipokea, ndipo nikaiachia. Taratibu alishika koki. Mimi nilishika chupa kwa shingo na kuizungusha polepole, macho yangu kwenye karatasi nyeupe.

Jaribio la kwanza tulipitiliza. Ni mimi. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, nikasema "funga" na hakunisikia. Waridi iliyokolea kabisa. Bi Usiguse alipita nyuma yetu, viatu vyake vikasimama kidogo, vikaendelea. Nilihisi machozi yanakuja, nikafikiria ile karatasi nzuri isiyo na vitendo, nikafikiria nitakavyomwambia Mama.

"Tumwage," Taratibu alisema. "Tuoshe. Muda upo."

"Muda haupo."

"Upo. Ukikimbia ndiyo hautakuwepo." Alikuwa tayari anasuuza. "Ukitaka nifunge, nikanyage mguu."

Mara ya pili rangi ilitokea na kupotea, ikatokea na kupotea. Niliangalia inavyopotea. Mwanzoni ilipotea mara moja. Kisha ikaanza kusita. Niliwaona humo ndani, sijui niandike vipi, niliwaona wale wabluu wakizurura, wakiwatafuta wenzao waliobaki wachache. Nikasema karibu na sikio lake, "Sasa moja moja." Tone. Likazunguka, likapotea taratibu. Tone. Likakawia zaidi. Tone likaning'inia, likakatika, na waridi hafifu ikaenea kwenye chupa nzima na kubaki.

Nilimkanyaga kwa nguvu mno. "Aii!" akasema, lakini koki ilikuwa imefungwa.

Tukaosha. Tukarudia. Majibu mawili yalitofautiana kwa tone moja, na Mwalimu alitufundisha kwamba tone moja linasamehewa.

Kwenye meza ya nyuma pipeti ilivunjika ncha. Yule mwenzetu aliinua mkono palepale, akasema, "Nimevunja, Mama," akawazuia wengine wasikanyage, akaenda kuchukua ufagio. Sote tulisimama. Bi Usiguse alitazama ufagio, akatazama sakafu, akachukua pipeti nyingine kabatini na kumpa mkononi. Akangoja mpaka ameishika sawasawa.

Saa ilipokwisha alizunguka na karatasi zetu, akasoma kila moja. Anasoma polepole. Namfahamu mwingine anayesoma hivyo. Kisha akavua miwani.

"Osheni vyombo vyenu," alisema. "Ile rafu ya chini nimeiondolea vitu vyangu. Kila wawili wachukue nafasi moja, wabandike majina yao. Sitaki siku ya mtihani mtu anizungukie hapa akitafuta bureti yake."

Tulimtazama tu.

"Mbona mmeganda? Au nibofye mahali?"

Kelele tuliyopiga ilimfanya Mwalimu aingie kwa dirisha. Si kwa mlango, kwa dirisha, mguu mmoja ndani na mmoja kwenye mvua, akiuliza, "Imekuwaje? Imekuwaje?" na Bi Usiguse akimwambia ashuke, dirisha si lake.

Tuliosha. Tulipanga vyombo kwenye rafu bila mlio. Nikampa Taratibu kalamu na kipande cha karatasi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Aliandika jina langu kwanza, lote, na la baba. Kisha akaanza la kwake, lile la nyumbani ambalo hatulitumii, herufi moja, akalitazama, herufi nyingine.

Wenzetu walikuwa wamekwishavaa makoti yao ya mvua. Mwalimu aliita kutoka mlangoni, akaita tena, kwamba mvua imepungua, tuondoke kabla haijarudi.

"Tunakuja, Mwalimu," nikamjibu. "Anaandika."